YAH: HEWA YA IDARA YA GUNDI, NA KUDHALILISHWA KWANGU MBELE YA WENZANGU

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utaratibu wa kupima hewa mnaujua, mmeubandika wenyewe ukutani, kwa hiyo sitaurudia. Ninachosema ni kwamba siku wapimaji walipokuja, sisi hatukupimwa. Ile pampu ndogo ya kiunoni, yenye kijibomba cha mkaa kinachobanwa kwenye kola karibu na pua, alivalishwa karani wa stoo. Sisi tunaopaka gundi kwenye soli, makopo wazi chini ya pua zamu nzima, tulihamishiwa kufungasha tangu asubuhi. Mlango mkubwa wa nyuma, unaofungwa mwaka mzima, siku hiyo ulikuwa wazi. Baadaye tukaambiwa hewa ni salama. Majibu hayo ni ya karani, si yangu.

Lebo ya gundi yenu imeandikwa heksani, kile kiyeyushio kinachotoa mvuke tunaouvuta. Kikomo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ni sehemu 50 katika milioni moja za hewa. Nataka kuona namba ya meza yangu.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni Jumanne ile. Kiatu kiliniponyoka, mara ya tatu asubuhi hiyo. Meneja wa uzalishaji akasimamisha laini, akasema kwa sauti, "Huyu amelewa." Akaagiza mlinzi alete kipimo cha pombe, nikapulizishwa mbele ya watu wote. Kikasoma sifuri. Hakuniomba radhi.

Vidole vyangu vina ganzi tangu kabla ya Ramadhani. Vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu. Daktari alinigonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo chake, mguu haukushtuka, akaniuliza nafanya kazi gani. Alisema mishipa ya fahamu imeumia, na kwamba hata nikiondoka kwenye gundi leo, hali inaweza kuzidi kwa miezi kabla haijaanza kurudi. Mafundi wa ndala wa Japani waliugua hivi hivi miaka ya 1960, kwa gundi yenye heksani hii hii. Jambo hili si geni.

Na barakoa za kitambaa mnazogawa hazizuii mvuke. Mvuke huzuiwa na kichujio cha mkaa, nacho hubadilishwa kwa wakati. Tena mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa, unatuama chini tulipokaa. Feni za darini zinaupuliza huku na huku tu.

Narudia ya Jumanne, kwa sababu kwenye faili langu mmeandika "onyo kwa uzembe". Meneja wa uzalishaji aliniamuru ninyanyue mikono nitembee juu ya mstari wa njano. Nikayumba, maana nyayo zangu hazihisi sakafu. Watu wakacheka, na miongoni mwao vijana niliowafundisha kazi mimi mwenyewe. Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu. Kipimo kilipokataa, akasema, "Basi atakuwa anavuta gundi." Ndiyo, ndugu Meneja, navuta gundi. Naivuta kwa muda wa saa 8 kila siku, kwa sababu ndiyo hewa mliyonipa nivute.

Nilikuwa naomba mambo mawili: hewa ipimwe upya tukiwa kwenye meza zetu, mlango ukiwa kama ulivyo siku zote, na mimi nihamishwe idara bila kupunguziwa mshahara. Sasa hayo hayatoshi. Idara nzima ipimwe mkojo, ionekane heksani iliyoingia miilini mwetu, mwisho wa zamu, mwisho wa wiki, kwa gharama yenu, na kila mtu apewe majibu yake mkononi. Onyo lifutwe. Na aliyenidhalilisha aniombe radhi palepale, laini ikiwa imesimama, wale wale waliocheka wakisikia.

Nawapa siku 14. Hapana, siku 7, kwa sababu 14 niliwapa kwenye barua ya kwanza ambayo hamkuijibu. Siku ya nane nitakuwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, nikiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na kutoka hapo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Makopo matatu yenye lebo nimeshayahifadhi, cheti cha daktari ninacho, na wenzangu sita wenye ganzi kama yangu wamekubali kuandamana nami.

Fundi wa gundi, laini ya pili, zamu ya asubuhi