Namba ya mafuta ya pikapu iandikwe pamoja na barabara yake

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, lakini mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga, na gazeti lako nalisoma kwenye simu kabla sijaondoka kwenda kazini. Kuna barua ya msomaji uliyoichapisha hivi karibuni iliyosema kwamba pikapu za haibridi, yaani zenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, zinapunguza mafuta kwa nusu, na kwamba serikali ingezisamehe ushuru wafanyabiashara wadogo wangepumua. Mpwa wangu anasomba machungwa kwa Hilux ya dizeli huko nyumbani. Alinitumia barua hiyo akaniuliza, "Mjomba, wewe unayo hiyo gari. Ni kweli?" Yuko mbioni kuchukua mkopo, kwa hiyo swali lake si la kupoteza muda. Nilimjibu kwa urefu, na naona majibu yale yanawahusu wengi walio kama yeye.

Gari langu ni Ford Maverick ya mwaka 2022, yenye injini ya petroli ya cc 2,500 ikisaidiwa na mota ya umeme, inayovuta kwa tairi za mbele. Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba. Nyuma napakia ndoo za rangi, mashine ya kupulizia na maturubai, na ngazi zinakaa juu kwenye keria. Kabla ya kuhamia huku niliendesha Hilux ya dizeli miaka mingi nikipeleka machungwa Tanga mjini na Dar es Salaam, kwa hiyo pikapu iliyoshiba mzigo naijua.

Marekani kila gari jipya linauzwa likiwa na karatasi dirishani yenye makadirio ya mafuta yanayosimamiwa na EPA, wakala wa serikali wa mazingira. Karatasi ya Maverick yangu inasema maili 42 kwa galoni mjini, 33 barabara kuu, na 37 kwa wastani. Kwa hesabu yetu ya nyumbani ni karibu kilometa 17.9 kwa lita mjini, 14 barabara kuu, na 15.7 kwa wastani. Msomaji atazame namba hizo mara mbili, kwa sababu zimepinduka. Gari la kawaida hula zaidi mjini kuliko safarini. Hili linakula zaidi safarini.

Mimi sitegemei namba ya dashibodi, kwa sababu kompyuta ya gari inakadiria tu. Najaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, nasawazisha kihesabu cha safari kiwe sifuri, naendesha wiki nzima, kisha narudi pampu ileile na kujaza tena mpaka likate. Kilometa nilizotembea nazigawa kwa lita zilizoingia. Ndivyo tulivyofanya Muheza kabla mwenye gari hajatoa posho ya mafuta, na mpaka leo sijaona njia iliyo bora zaidi.

Majira ya joto, nikizunguka St. Paul na Minneapolis kutoka nyumba moja hadi nyingine, gari linanipa kilometa 18 mpaka 19 kwa lita. Kwa pikapu yenye mzigo nyuma hicho ni kitu cha kushukuru, na nasema hivyo kwa moyo wote. Karatasi ya dirishani imepitwa. Sababu yake iko kwenye breki. Ukikanyaga breki kwenye taa, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha nguvu kwenye betri, nguvu ambayo kwenye Hilux yangu ya zamani iliishia kuwa moto kwenye diski na ngoma. Ukiondoka polepole, umeme ndio unaosukuma na injini imelala. Ukisimama kwenye foleni, hakuna kinachochomwa. Injini yenyewe pia imetengenezwa kwa mzunguko wa Atkinson, ambapo vali ya kuingiza hewa huchelewa kufunga; inapoteza nguvu kidogo lakini inabana mafuta, na mota inaziba pengo hilo.

Sasa niingie barabara ya I-35 kuelekea Duluth, safari ya kama kilometa 250, ambako nje ya miji unaruhusiwa kwenda maili 70 kwa saa, yaani kilometa 112. Huko hakuna taa na hakuna breki za kurudisha chochote. Nikienda bila ngazi napata 14, wakati mwingine 14 na nusu. Nikibeba ngazi juu na upepo ukinijia usoni, nimewahi kushuka mpaka 11 na nusu. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule, mafuta ni yaleyale. Kilichobadilika ni hewa. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo: gari linalotoka kilometa 80 kwa saa kwenda 112 linasukumana na hewa kwa nguvu karibu mara mbili. Betri haiwezi kukusaidia hapo, maana kila inachotoa lazima injini ikilipe baadaye.

Halafu kuna baridi. Januari hapa kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, na mimi gari langu linalala nje. Idara ya nishati ya Marekani imeandika wazi kwamba kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la petroli la kawaida hupoteza kama asilimia 15 ya kilometa zake mjini likilinganishwa na siku yenye nyuzi 25, na kwamba haibridi kwenye safari fupi inaweza kupoteza asilimia 30 mpaka 34. Kipimo changu cha pampu kinakubaliana nao: 12 mpaka 13 kwa lita, mitaa ileile iliyonipa 18 mwezi wa Julai. Hita ya gari inachota joto kwenye maji ya injini, kwa hiyo injini ambayo ingelala kwenye taa inalazimika kunguruma ili dereva asigande. Betri iliyopoa haipokei umeme wa breki vizuri. Upepo wa tairi unapungua. Oili ni nzito. 

Kwa hiyo mtu akiniuliza gari langu linatembea kilometa ngapi kwa lita, naweza kumjibu 19 na nikawa mkweli, naweza kumjibu 11 na nusu na nikawa mkweli. Ndiyo maana barua ya yule msomaji ilinisumbua. Hakusema mjini au safarini, hakusema mzigo, hakusema hata ni pikapu gani.

Pikapu gani ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maverick ilitengenezwa ibane mafuta. Kubeba mwisho wake ni kilo 680, dereva na abiria wakiwamo. Ford haohao wana F-150 ya haibridi, yenye injini ya V6 ya cc 3,500 na nguvu farasi 430. Ilipotoka mwaka 2021, ile inayovuta kwa tairi zote nne iliandikiwa maili 24 kwa galoni, sawa na kilometa 10.2 kwa lita, wakati ndugu yake mwenye injini ya ukubwa huo bila haibridi aliandikiwa 20, sawa na 8.5. Pale umeme umewekwa zaidi kwa ajili ya nguvu ya kuvuta, na kwa ajili ya fundi anayetaka kuchomeka msumeno wake nyuma ya gari. Toyota Hilux yenye mfumo wa volti 48, ambayo ndiyo mpwa wangu ameona picha zake, ni kitu kingine tena. Injini ni ileile ya dizeli ya cc 2,800, ikisaidiwa na kimota cha kilowati 12. Haiwezi kutembea kwa umeme peke yake. Toyota wenyewe walipoitangaza Ulaya walizungumzia nafuu ya takriban asilimia 5. Asilimia 5, Mhariri, si nusu. Ni gari zuri na laini, lakini mtu asikope kwa matumaini kwamba Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta Tanzania, wakitangaza bei mpya, yeye haitamgusa.

Kuhusu namba za maabara, sisemi zipuuzwe. EPA tangu magari ya mwaka 2008 wanachanganya majaribio matano, likiwamo la mwendo mkali, la kiyoyozi kwenye joto na la baridi. Lakini bado gari linapimwa likiwa juu ya rola ndani ya jengo, na mzigo wa hewa unaigizwa kwa hesabu. Hesabu hiyo ikikosewa, karatasi inakosewa. Mwaka 2013 gari dogo la haibridi la Ford, C-Max, lilishushwa kutoka maili 47 kwa galoni hadi 43, na mwaka 2014 likashushwa tena hadi 40, na wanunuzi wakalipwa fidia.

Na nchi haziigizi sawa. Nyumbani tunaagiza Toyota Aqua kutoka Japani kwa wingi. Ilipoanza kuuzwa mwisho wa mwaka 2011, kipimo cha Kijapani cha JC08 kiliipa kilometa 35.4 kwa lita. Kwa Marekani gari hilo liliuzwa kama Prius c, injini ileile ya cc 1,500, na EPA wakaliandikia maili 50 kwa galoni, yaani kilometa 21.3. Mfanyabiashara wa magari anayekusomea namba ya Japani hajadanganya, lakini wewe unayeweka bajeti kwa 35 utaumia.

Nirudi kwa mpwa wangu na machungwa yake, maana hapa ndipo nilipokaa na kalamu usiku. Yeye hupanda njia ya kwenda Amani, milimani juu ya Muheza. Betri ya Maverick ina uwezo wa kilowati-saa 1.1. Gari tupu lina kama kilo 1,670. Weka kilo 500 za mzigo na watu. Ukichukua nishati yote ya betri hiyo, bila kupoteza hata chembe, ukaitumia kuliinua gari hilo tu, litapanda mita 190 hivi kwenda juu, basi. Kiukweli ni pungufu sana, kwa sababu kompyuta hairuhusu betri ijazwe wala imalizwe kabisa. Kutoka Muheza hadi Amani unapanda mamia ya mita, kwa hiyo sehemu kubwa ya mlima injini ya petroli itavuta peke yake, ikiwa imebeba na betri juu. Wakati wa kushuka na machungwa, betri itajaa mapema, na mteremko uliobaki utaenda kwenye breki za kawaida kama zamani. Zaidi ya hapo, barabara ile ina mashimo na matope, na gari langu liko chini na linavuta mbele tu. Nilimwambia wazi: kwa mlima ule, na kwa tani anazobeba, asiuze Hilux yake.

Lakini dada yake anasambaza maziwa na mikate Tanga mjini, gari linasimama kila duka, na huko Dar es Salaam kuna maelfu wa aina hiyo, wanaoshinda kwenye foleni ya Ubungo au ya Mbagala na mzigo usiofika nusu tani. Hao ndio watu wa haibridi ya kweli. Hawana baridi ya Minnesota. Hawaendi kilometa 112 kwa saa. Kiyoyozi kitawala kidogo, lakini breki zao za siku nzima zitawarudishia. Kwao naamini pikapu kama yangu ingekaribia kile ninachopata mimi Julai, na ningefurahi siku moja kuona magari ya aina hiyo yakifika bandarini kwa bei ambayo mtu wa maziwa anaiweza. Maverick ilianza kuuzwa hapa kwa bei ya chini ya dola 20,000, lakini imewekwa usukani kushoto, kwa hiyo sisemi mtu aagize hii hii.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la kazi. Mnapochapisha habari au barua yenye namba ya mafuta, mwandishi aulizwe: kilometa ngapi kwa lita, kwa kipimo cha nchi gani, mjini au safarini, na mzigo kiasi gani. Na kama kuna wasomaji wanaoendesha haibridi za aina yoyote Tanga, Mbeya, Mombasa au Kigoma, wapime pampuni kwa njia niliyoieleza, wawaletee namba zao pamoja na jina la barabara. Zikifika kumi tu zitamsaidia mpwa wangu kuliko tangazo lolote la kiwandani. Za kwangu nimeshazitoa, na Januari ijayo nitawaletea za baridi tena.

Msomaji wenu,
Fundi rangi, mzaliwa wa Muheza
St. Paul, Minnesota