Hilo gunia la kutagia usilifungue bado

Pongwe, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Simu yako ya juzi ilikatika ukiwa katikati ya swali, nami vocha sikuwa nayo, basi nikaona nikuandikie. Uliniuliza mitetea wako wametimiza wiki 16, je, uwaanzishie chakula cha kutagia? Bado, shoga. Endelea na growa, kile chakula cha kuku wanaokua.

Nakwambia hivi kwa kuwa nilishaungua. Kundi langu la kwanza, muuza chakula mmoja alinishauri niwawahishie cha kutagia ili wawahi kutaga. Tamaa hiyo, nikawapa wakiwa na wiki 11. Haikupita muda kinyesi kikawa majimaji meupe, randa bandani zikageuka tope. Wakafa watatu. Bwana mifugo akampasua mmoja palepale uani, akanionyesha figo: zimevimba, zina michirizi myeupe kama zimepigwa chokaa. Kumbe growa ina kalsiamu kama asilimia 1 tu, na cha kutagia kina 3.5 hadi 4. Kuku asiyetengeneza maganda ya mayai hana kazi na kalsiamu yote hiyo, inabidi aitoe, na mzigo wote unaangukia figo.

Kundi la pili nikajifanya mwerevu, nikachelewa. Mayai yakaanza kutoka mimi bado nasukuma growa. Siku moja natia mkono kwenye kiota, nikashika yai tepetepe kama puto la maji, likanipasukia kiganjani! Ganda moja linakula kama gramu 2 za kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe, na akiendelea hivyo utamkuta amelala ubavu, miguu haimbebi.

Kwa hiyo sasa naangalia kuku kwanza, kalenda baadaye. Hao wako wa kahawia wa kisasa kwa kawaida huanza kutaga kwenye wiki 18 hadi 20; chotara wa shemeji yako watachukua muda zaidi, asiwapimie kwa wako. Kila jioni nikienda kutoa vyombo vya maji napitisha mkono mgongoni mwa mmoja mmoja. Akikimbia, bado mtoto. Akichuchumaa na kutandaza mabawa kidogo, huyo yuko karibu. Tazama na kilemba cha kichwani: kinatoka kwenye rangi ya waridi iliyopauka kinakuwa chekundu cha kung'aa. Nikiona wengi wao wako hivyo, au nikiokota yai la kwanza, ndipo nabadilisha.

Tena si kwa ghafla. Siku tatu za mwanzo, robo ya kutagia na robo tatu growa; kisha nusu kwa nusu; kisha unageuza, robo tatu ya kutagia na robo growa. Kama siku kumi hivi umemaliza. Ukiwabadilishia usiku mmoja watachagua, watamwaga, na wengine watasusa kama watoto. Hapo na lile gunia la growa ulilolalamika kuwa limebaki litakwisha lenyewe. Ila cha kutagia usinunue cha miezi mitatu, hewa ya pwani unaijua, ukungu ukiingia umepoteza vyote.

Na wewe uko Kaole, bahari mlangoni! Waambie watoto waokote makombe, yasuuzwe kwa maji baridi mpaka chumvi itoke, yaanikwe, yatwangwe. Yasiwe unga, yabaki chembe kama mtama, ndiyo yanayokaa tumboni yakayeyuka polepole usiku, wakati ganda linapojengwa. Weka kwenye chombo cha peke yake wakishaanza kutaga, usichanganye na chakula. Anayehitaji atadonoa mwenyewe, hawa viumbe wana akili zao. Shemeji yako naye, kama kuku wake ni wa umri mchanganyiko na majogoo wamo humohumo, abaki na growa kwa wote na hayo makombe pembeni.

Yai la kwanza litakuwa dogo, pengine na doa la damu. Usinipigie kwa hofu, likaange ule.

Msalimie Baba Hamisi. Dereva atakayekuletea barua hii nimempa machungwa ya Muheza, yako 20. Yahesabu mbele yake.

Ni mimi shoga yako,
Mwanahawa