Gharama ya kusafirisha mashine ihesabiwe kwenye mkopo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalovitia hasara vikundi vya ushonaji vilivyoko mbali na Dar es Salaam, nalo ni namna mashine kubwa zilizokwisha kutumika zinavyosafirishwa kutoka kwenye maghala ya jijini hadi mikoani. Ninaandika kutoka Songea, mwendo wa kilomita zipatazo 950 kwa barabara, na mashine ninayoikusudia ni ile ya kushonea mifarishi, yaani matandiko mazito ya kujifunika yaliyotiwa pamba katikati. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaitaka kwa sababu inayoeleweka: baridi ya Njombe na Makete haimwachi mtu alale na shuka peke yake, na mfarishi ulioshonwa vizuri haukosi mnunuzi.

Kwa asiyeifahamu, mashine hii haifanani na cherehani ya mezani. Kwenye cherehani ya kawaida fundi husogeza nguo chini ya sindano, lakini hapa kitambaa cha juu, pamba na bitana hukazwa kwa pamoja kati ya rola ndefu, kisha kichwa cha mashine chenyewe ndicho kinachotembea juu ya reli na kushona kinapopita. Fremu inayobeba vyote hivyo huwa na urefu wa mita 3 hadi zaidi ya 4. Ukubwa huo ndio unaowafanya wapakiaji waione kuwa ni chuma kigumu kisichodhurika, ilhali ni chombo kinachotegemea unyoofu wa kila kipande chake. Rola ikipinda kidogo tu, kitambaa hukazika upande mmoja na kulegea upande wa pili, na mfarishi hutoka na mikunjo isiyofichika. Huko ndani, ncha ya ndoana inayodaka uzi hupita karibu sana na sindano, kwa nafasi isiyozidi unene wa karatasi, na mtikisiko ukishaivuruga nafasi hiyo mashine huanza kuruka mishono na kukata uzi.

Mashine ya kikundi chetu ilipakiwa nzima nzima, kichwa kikiwa juu ya fremu, kwenye Fuso lililokuwa limebeba mabati. Kamba ilizungushwa kwenye shingo ya kichwa kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa rahisi kushika. Kutoka hapo ikapita matuta na rasta zote za barabara ya Morogoro na Iringa, ikapanda Kitonga, ikakata kona Makambako kuelekea Njombe, na kila gari lilipopiga tuta uzito wote wa kichwa ulikuwa ukiruka na kushukia kwenye reli zile zile nyembamba. Ilipofika, rola ya nyuma ilikuwa imepinda katikati, rangi ya shingo imechubuka hadi kwenye chuma, na waya uendao kwenye kisanduku cha umeme umekatika. Tulipodai, tuliambiwa tusome stakabadhi. Stakabadhi ilisema “mashine 1”, na chini yake kuna maandishi madogo kwamba mzigo husafiri kwa hatari ya mwenye mali. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mashine hiyo ilipopokelewa ghalani ilikuwa nzima, kwa hiyo hatukuwa na cha kusimamia.

Kazi inayotakiwa kufanywa kabla ya kupakia inajulikana na haihitaji mitambo. Sindano itolewe, kichwa kishushwe kwenye fremu na kufungiwa kwenye kasha la mbao kikiwa kimesimama vile vile kinavyosimama kazini, na kikazwe kwa bolti kwenye sakafu ya kasha hilo kisiweze kutembea. Rola zizungushiwe blanketi moja moja, zifungwe pamoja, zilazwe juu ya ubao ulionyooka unaozibeba kwa urefu wake wote, na pasiwekwe kitu juu yake. Reli na magurudumu yake visafiri peke yake. Kila kiungo kipigwe picha kabla ya kufunguliwa, kibandikwe karatasi inayosema ni cha kushoto au cha kulia, na bolti zake ziwekwe kwenye mfuko wake, kwa maana fundi atakayeiunganisha huku mara nyingi hajawahi kuiona mashine ya namna hiyo. Turubai peke yake halitoshi wakati wa masika. Chuma kinachoteleza juu ya chuma kipakwe mafuta na kufungwa nailoni, kwani kutu ya siku chache tu huharibu mwendo wa kichwa.

Niongeze jambo moja ambalo si la barabarani lakini huharibu mashine siku ile ile ya kufika. Mashine nyingi za aina hii hutoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120, na wetu ni 230. Kibao kidogo kilichoko kwenye kisanduku cha umeme kisomwe kabla ya kulipa, na kama panahitajika transfoma, inunuliwe huko huko Dar es Salaam.

Yote hayo yana gharama: fundi wa kufungua, kasha, bima ya mzigo safarini, na fundi wa kuunganisha na kusawazisha fremu. Hapo ndipo ninapozikusudia halmashauri zetu. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ni mpango mwema na umetuinua wengi. Hata hivyo, maandiko ya miradi niliyoyaona, likiwamo letu, huweka bei ya mashine kama alivyoitaja muuzaji, kisha nauli ya lori kwa mstari mmoja, na ukizidisha hapo unaambiwa upunguze. Kikundi kinabaki kutafuta gari la bei ya chini kuliko yote, na mashine ikifika imevunjika marejesho hayasubiri ipone.

Ninawaomba maafisa maendeleo ya jamii wanaopitia maandiko hayo wakubali gharama za kufungua, kufungasha, bima na kuunganisha kuwa sehemu ya bei ya mashine, na wasipitishe andiko ambalo halina gharama hizo pale mashine inapotoka mkoa mwingine. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo ambalo lina ofisi mikoani, litusaidie kwa kuweka orodha ya mafundi wanaoweza kazi hiyo Dar es Salaam na huku. Wasafirishaji nao waandike kwenye stakabadhi hali ya mashine walivyoipokea, sehemu kwa sehemu, mbele ya muuzaji, na pande zote mbili zitie saini kabla kamba haijafungwa.

Mwanachama wa kikundi cha ushonaji,
Songea