Kilichomo ndani ya jani kipimwe kabla ya kusifiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea hapa Tanga kuhusu viuatilifu na dawa zinazotokana na mimea na mwani. Wachangiaji wengi wamegawanyika: wapo wanaoamini kwamba kila kilichotoka porini au baharini ni salama kwa kuwa ni cha asili, na wapo wanaovidharau vyote kwa kuviita mitishamba. Mimi niliyefanya kazi ya ugani Muheza na Mkinga hadi kustaafu naona pande zote mbili zinalikwepa swali lenyewe, nalo ni hili: ndani ya jani, mbegu au mwani huo mna kemikali gani, kwa kiasi gani, na inafanya kazi kwa njia ipi?

Nianze na mwarobaini, ambao hauhitaji kutambulishwa kwa mtu wa Pwani. Kemikali yake maarufu dhidi ya wadudu, azadiraktini, ilitengwa na wanakemia mwaka 1968. Haimuui mdudu papo hapo kama zifanyavyo sumu nyingi za dukani, bali humfanya asusie chakula, na kwa kiwavi huvuruga homoni za kujivua ngozi hata ashindwe kukua. Mkulima asiyeelezwa jambo hilo hupuliza leo, akawakuta viwavi wangali hai kesho asubuhi, akahitimisha kwamba dawa ni bure na kurudi kwenye chupa ya dukani. Tena wengi huchemsha majani, ilhali azadiraktini hupatikana kwa wingi zaidi kwenye kokwa za mbegu na joto kali huiharibu. Mbegu zilizokaushwa kivulini, zikatwangwa, zikalowekwa usiku kucha katika maji ya kawaida, zikachujwa na kupulizwa jioni, hufaa kuliko mchemsho wowote wa majani, kwa sababu jua nalo huivunja kemikali hiyo ndani ya siku chache. Kuvunjika huko ni hasara kwa anayetaka kinga ya muda mrefu, lakini ni faida kwa mlaji wa mchicha.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Steven Ley, walifanya kazi kwa miaka 22 kabla ya kufanikiwa kuiunda azadiraktini maabara, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Njia hiyo ni ndefu mno kuweza kutumiwa kiwandani, kwa hiyo hadi leo anayeitaka kemikali hiyo kwa biashara hana budi kurudi kwenye mti. Miti hiyo imejaa kando ya nyumba zetu kuanzia Horohoro hadi Pangani, na mbegu zake huokwa na jua barabarani bila ya mtu kuziokota. Hata hivyo, mwarobaini huo huo una upande wake wa pili: majarida ya tiba yameeleza habari za watoto wachanga wa Malaysia na India waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta yake. Ndiyo maana nashtuka ninaposikia kwenye vipaza sauti vya sokoni kwamba chupa moja inatibu mzee, mjamzito na mtoto kwa kipimo kimoja cha kijiko.

Mmea wa utupa ni mfano ulio wazi zaidi. Wakulima wa milimani wamehifadhi maharage kwa unga wa majani yake kwa vizazi vingi, na unafanya kazi kwelikweli, kwa kuwa una kemikali za jamii ya rotenoni zinazozuia seli za mdudu kupata nguvu kutokana na hewa anayovuta. Kemikali hizo hizo ndizo zinazolewesha samaki mtoni, na sheria zetu za uvuvi zinakataza uvuvi wa sumu. Rotenoni yenyewe, baada ya kutumika kwa muda mrefu Ulaya kama kiuatilifu cha asili, iliondolewa na Umoja wa Ulaya mwaka 2008 katika viuatilifu vinavyoruhusiwa, na majaribio ya maabara yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba panya wanaopewa sumu hiyo mfululizo hupata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson. Sisemi utupa utupwe. Nasema anayeupuliza avae kinga ya mdomo na glavu kama anavyofanya kwa sumu ya kiwandani, na asiuoshee kwenye kijito.

Jambo linaloniuma zaidi kama mtu wa Tanga ni mkonge. Mmea huu uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche iliyofika hai ikiwa 62 tu, na tangu hapo tumeuhesabu kwa singa, yaani nyuzi zake za kutengenezea kamba. Lakini singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kinachobaki baada ya korona, yaani mashine ya kukamua singa kutoka kwenye jani, ni maji na makapi, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake imemwagwa. Katika maji hayo mna saponini, kemikali zenye povu kama sabuni, zile zinazomfanya mfanyakazi wa korona awashwe mikono, na kutokana nazo hupatikana kemikali iitwayo hekojenini. Katika miaka ya 1950 wanakemia wa Uingereza waliitumia hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kama malighafi ya kutengenezea kotisoni na dawa nyingine za jamii hiyo, ambazo hutuliza uvimbe na pumu. Baadaye viwanda vya dunia vikapata malighafi ya bei nafuu zaidi, ikiwamo ya soya, na habari ya mkonge ikafifia. Sidai kwamba soko lile litarudi kama lilivyokuwa. Ila ni ajabu kwamba kijana wa Muheza anaweza kumaliza kidato cha sita cha kemia bila kusikia hata mara moja kwamba uchafu ule unaonuka kando ya reli uliwahi kuwa dawa.

Wala hatukukosa mahali pa kuyachunguza mambo haya. Amani, juu kule Usambara Mashariki, ilikuwa kituo cha utafiti tangu 1902, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliozingirwa walitengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa magome ya miti ya sinkona iliyopandwa huko huko. Kwinini ilikuwa imetengwa Ufaransa mwaka 1820, na tangu hapo daktari akaweza kutoa kipimo badala ya kukisia ukubwa wa gome. Hali ni hiyo hiyo kwa artemisinini, kemikali ya mmea wa pakanga iliyotengwa na kundi la Tu Youyou nchini China mwaka 1972, ambayo leo ni sehemu ya dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati. Wanaouza chai ya pakanga wakidai ni sawa na dawa mseto wanasahau kwamba kikombe hakina kipimo maalumu, na dozi pungufu humfunza kimelea ukaidi. Tayari watafiti wameripoti huko Kagera vimelea wanaochelewa kuuawa na artemisinini. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo itumike kutibu malaria, na kwa hilo nakubaliana nalo kabisa.

Kuhusu mwani nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ahadi ni nyingi kuliko matokeo. Akina mama wa Mkinga na Pangani wanaoshuka pwani wakati wa bamvua kufunga kwenye kamba aina mbili za mwani, spinosum na kotonii, wanalima karajini, utomvu unaogandisha vyakula na dawa za meno. Maabara zimeonyesha kwamba karajini huzuia baadhi ya virusi kujishika kwenye seli, na zipo dawa za kupuliza puani dhidi ya mafua zilizotengenezwa nayo. Lakini jeli yake ilipojaribiwa kwa maelfu ya wanawake wa Afrika Kusini dhidi ya VVU, matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa haikuwakinga. Mwani mwingine mwekundu, uliotumika Japani kama dawa ya minyoo, ulitoa asidi ya kainiki mwaka 1953, nayo sasa inajulikana pia kuwa huua seli za ubongo ikizidi. Mwani si mmoja, na sifa za wa bahari baridi hazihamii kwa wetu kwa sababu tu vyote ni mwani.

Ombi langu, basi, ni kwa wenye mamlaka. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ihakikishe kwamba kiuatilifu chochote cha mimea kinachouzwa Tanga kinaandikwa kwenye chupa, kwa Kiswahili, kemikali iliyomo, kiasi chake na tarehe ya kuharibika. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lifanye vivyo hivyo kwa dawa za binadamu, na halmashauri zetu zisitoe kibali cha kipaza sauti kwa muuzaji asiye na usajili. Kituo cha utafiti cha Mlingano, ambacho kinaujua mkonge kuliko wengine wote, kipewe fedha za kupima maji ya korona dhidi ya wadudu wa machungwa na mahindi yetu, na matokeo, yawe mazuri au mabaya, yabandikwe kwenye ofisi za kata ambako mkulima atayasoma. Bajeti za halmashauri hujadiliwa kila mwaka mbele ya madiwani. Mwaka huu napenda kusikia ni diwani gani atakayeuliza fungu hilo liko ukurasa wa ngapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa ugani mstaafu,
Muheza, Tanga.