Okestra huanza na mshahara, si ukumbi

Mhariri,

Kila Nairobi inapozungumzia kuwa na okestra ya simfoni ya kulipwa, mjadala hukwama kwenye ukumbi: tujenge mkubwa, wanamuziki watajileta. Miji iliyotutangulia haikufika kwa njia hiyo.

Birmingham, Uingereza, ilianzisha okestra yake mwaka 1920. Aliyelisukuma wazo hilo ni Neville Chamberlain alipokuwa meya, kabla hajawa waziri mkuu, na baraza la mji likakubali kuichangia. Edward Elgar mwenyewe, mtunzi mashuhuri wa Uingereza, aliongoza tamasha la Novemba mwaka huo. Ukumbi ulikuwapo tangu 1834. Kilichokosekana ni ajira ya mwaka mzima: msimu ukiisha, kila mpigaji alijitafutia kibarua kwingine. Ajira hiyo ilipatikana 1944, miaka 24 baadaye.

Ya Manchester ni makali zaidi. Okestra ya Hallé, iliyoanza 1858, ilikuwa ikigawana wapigaji na okestra ya BBC ya mji huohuo. Mwaka 1943 iliamua kuajiri wake yenyewe, na kati ya 35 wa kugawana wakabaki wanne. John Barbirolli, kiongozi wake mpya aliyekuwa ametoka New York, ilimbidi asake wapigaji wapya kwa wiki chache tu, wengine vijana wasio na uzoefu.

Hapa kwetu kugawana ndiyo desturi. Nairobi Orchestra ni ya miaka ya 1940, chuo cha muziki kilianzishwa 1944, na Korogocho kuna Ghetto Classics, mpango wa kuwafundisha vijana muziki, tangu 2008. Wapigaji wapo. Lakini mpiga basuni (ala ya kupuliza ya sauti nzito) akipatikana, vikundi vitatu vinamtaka juma lilelile, na mchana kutwa anafundisha. Mazoezi ni saa kumi na mbili unusu jioni. Wapiga baragumu bado wako kwenye foleni ya Thika Road, na kondakta (wa okestra, si wa matatu) anaruka kurasa ambazo haziwezi kupigwa bila wao. Siku ya tamasha, kurasa hizohizo ndizo zinazoharibika.

Hatuhitaji watu 80. Fidla 14, viola 4, chelo 4 na besi 2 ni watu 24. Ongeza filimbi, obo, klarineti, basuni, baragumu na tarumbeta, wawiliwawili, na mpiga ngoma mmoja: 37. Kikosi hicho kinatosha kwa simfoni mbili za kwanza za Beethoven na karibu zote za Mozart.

Tena serikali tayari inawalipa mishahara wapuliza tarumbeta na klarineti katika bendi za polisi na jeshi. Hizo ni bendi za kupuliza na ngoma. Mpiga viola hana pa kupeleka barua yake ya kuomba kazi. Kwa hiyo waanze kuajiriwa hao 24 wa nyuzi, na wapuliza walipwe kwa kila zoezi na kila tamasha.

Waongezwe wawili ambao bajeti huwasahau. Wa kwanza ni mtunza nota. Wapiga nyuzi hukaa wawiliwawili kwenye stendi moja, hivyo 24 hutumia nakala 12. Wapuliza na ngoma 13. Zile 12 lazima ziandikwe kwa penseli mwelekeo wa upinde, ule wa kusugulia nyuzi, kabla ya zoezi la kwanza. Zisipoandikwa, pinde zinapishana, huyu juu huyu chini, na zoezi la muda wa saa tatu linageuka kikao cha kuazimana penseli.

Wa pili ni fundi wa ala. Januari na Februari hewa ya Nairobi hukauka, vigingi vya kukazia nyuzi za fidla vinateleza na kiungo cha ubavuni kinafumuka. Kufumuka huko si ajali. Fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi makusudi, ili kiungo kiachie kabla ubao haujapasuka. Asiyejua huziba kwa gundi nyeupe ya seremala, na kiangazi kinachofuata unapasuka ubao wenyewe. Klarineti nazo huchongwa kwa mpingo, mti wa kwao Kilwa na Lindi, ila kuzaliwa jirani hakuziponyi. Ikiwa mpya ipigwe dakika 15 hadi 20 kwa siku majuma ya mwanzo, kisha ifutwe ndani. La sivyo ndani huvimba kwa unyevu wa pumzi huku nje kukavu, na mpasuko huanzia kwenye matundu ya juu.

Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Ombi letu kwa Kaunti ya Nairobi ni nafasi 26 za kazi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mikataba ianze siku hiyo na iishe Juni 30, pamoja na ile miezi ambayo hakuna tamasha hata moja.

Walimu na mafundi wa ala za nyuzi,
Nairobi