Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Fungueni kantini, tukae tuhesabiane

Profesa, shikamoo.

Yah: Kufuli la kantini ya wanafunzi na madeni yetu ya pande mbili

Nimekuandikia barua sita kwa njia ya kawaida. Zote zina mhuri wa masijala yako kuwa zimepokelewa, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Ndiyo maana hii ya saba naiandika hadharani. Jina la chuo silitaji, unalijua. Sikuja kukichafua, kwa sababu chuo hicho kimenilisha mimi na wanangu miaka mitano, na mimi nimewalisha watoto wenu miaka hiyo hiyo.

Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nimefika kuwasha jiko nikakuta mnyororo mpya mlangoni na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: "Imefungwa kwa amri ya uongozi." Pembeni amesimama kijana wa udalali na walinzi wawili ambao kila siku hunywa chai kwangu. Walinzi walikuwa wanatazama chini. Kijana akanikabidhi barua kwamba nadaiwa Sh 9,100,000, nilipe au nithibitishe malipo yangu ndani ya siku 14, la sivyo vyombo vyangu vinapigwa mnada. Amri ya mahakama sikuonyeshwa. Nikamwomba aniruhusu nitoe walau maharage, maana nilikuwa nimeloweka ndoo mbili tangu jioni. Akanijibu, "Mama, dawa ya deni ni kulipa."

Ni kweli, dawa ya deni ni kulipa. Sasa naomba tuhesabu nani anamdai nani.

Mkataba wangu ulianza Julai 2019, wa miaka miwili, kodi Sh 350,000 kwa mwezi. Uliisha tarehe 30 Juni 2021. Miezi mitatu kabla ya hapo niliandika kuomba mpya, na ofisi ya milki ikanijibu kwa mdomo kwamba rasimu iko kwa mwanasheria, niendelee na kazi. Nikaendelea. Kila mwezi nilikwenda uhasibu, nikapewa namba ya malipo yenye jina langu na kiasi cha Sh 350,000, nikalipa benki. Profesa, siku hizi huwezi kuilipa taasisi ya umma bila namba hiyo, na mpangaji hawezi kujitengenezea. Anayedai ndiye anayeitengeneza. Leo barua ya dalali inasema kodi ilikuwa 450,000 tangu Julai 2021, na tofauti ya miezi 36, yaani Sh 3,600,000, niilipe kwa mkupuo. Nani aliniambia kodi imepanda? Nilisaini wapi? Na kama ilipanda, mbona mfumo wenu uliendelea kunitolea namba ya 350,000 mwezi baada ya mwezi, na risiti juu yake?

Kuna Sh 2,800,000 nyingine ambazo nilizishangaa mpaka nilipompata karani mmoja mwenye huruma akanifafanulia. Hilo ni deni la mpangaji aliyenitangulia. Mama huyo simjui hata kwa sura. Nilichorithi kwake ni masizi ya ukutani. Inaelekea deni limeandikwa kwa chumba badala ya mtu, na mimi kwa kuwa ndiye niliyemo chumbani nimebebeshwa.

Zimo pia Sh 700,000 za Aprili na Mei 2020. Serikali ilifunga vyuo vyote Machi mwaka ule kwa sababu ya corona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Miezi miwili hiyo hata geti sikuruhusiwa kuvuka. Meneja milki wa wakati huo alituambia wapangaji wote kuwa haitahesabiwa. Kosa langu ni kwamba sikumwomba aandike. Kisha mkaongeza faini ya kuchelewa, Sh 600,000, juu ya hayo yote.

Zinabaki Sh 1,400,000. Hizo ni zangu, sizikatai. Ni kodi ya Januari hadi Aprili 2024, na sikulipa kwa sababu ambayo chuo chako kinaijua vizuri.

Novemba 2023 mlinipa LPO, yaani hati ya oda, ya kulisha warsha ya siku tatu, watu 220, sahani Sh 6,000. Jumla Sh 3,960,000. Mchele niliuchukua kwa mkopo sokoni, kuku vilevile. Siku zote tatu chakula kilitoka kwa wakati, kamati ya mapokezi ikasaini, na mgeni wenu mmoja alikuja jikoni mwenyewe kuuliza pilau imepikwa na nani. Uhasibu wakataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kwanza ndipo waandae malipo. Nikatoa. Kwa hiyo TRA, mamlaka ya mapato, inahesabu mauzo hayo kama pesa niliyopokea, wakati sijaishika. Mwezi wa pili nikaambiwa fungu limeisha. Nikaambiwa nisubiri Julai, mwaka mpya wa fedha. Julai ikaja, nikaambiwa sasa ni deni la mwaka uliopita, linasubiri uhakiki. Linahakikiwa na nani, Profesa, na kwa muda gani? Saini zote zipo. Chakula kililiwa.

Mnachonidai mnakiita deni. Ninachowadai mnakiita mchakato. Mkitoa 1,400,000 yangu kwenye 3,960,000 yenu, chuo ndicho kinachodaiwa Sh 2,560,000. Niliomba hivyo katika barua ya tatu, ya nne na ya tano: kateni kodi yangu humo humo, mnipe kinachobaki. Nikaambiwa eti haiwezekani, mapato na matumizi ni vitabu tofauti. Mfuko wangu ni mmoja, Profesa. Sina vitabu viwili.

Vyombo mnavyotaka kuvipiga mnada si vyangu peke yangu. Tuko wanawake watano katika kikundi. Masufuria na friza vilinunuliwa mwaka 2022 kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake. Mkopo ule hauna riba, lakini una majina matano, na mmoja akikwama wanne wanabeba. Mwenzetu mmoja ameuza cherehani yake kulipa rejesho lililokuwa langu. Sijui nitamtazamaje. Na ni ninyi, katika ukumbi wenu, mliotuita kwenye semina mkatuambia sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, tujisajili NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Tukajisajili. Hakuna aliyetuonya kwamba tutapika halafu tusilipwe.

Nahisi ninajua haraka hii imetoka wapi. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hupita, anaandika hoja kwamba majengo yana wapangaji bila mikataba na kodi haikusanywi, na kila mwisho wa Machi ripoti yake inafika kwa Rais, kisha bungeni. Mkaguzi ana haki kuuliza. Lakini mkataba ulilala kwa mwanasheria wenu miaka mitatu. Jibu la hoja hiyo haliwezi kuwa mnyororo mlangoni kwangu.

Hata Bodi ya Mikopo inayowadai wahitimu maelfu kwa maelfu humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi huku anaendelea na kazi. Haimfungii ofisi yake ndipo imdai. Ninyi mmenifungia jiko, halafu mnataka pesa ambayo hutoka jikoni.

Machi mwaka huu ulikutana nasi wapangaji. Ulisimama ukasema hakuna atakayefungiwa kabla ya kuitwa mezani. Nilipiga makofi. Sikuitwa.

Ijumaa nilirudi, nikachungulia dirishani kupitia wavu. Maharage yamevimba mpaka yakainua kifuniko, povu limemwagika sakafuni, na harufu inatoka nje. Umeme wa LUKU ulikuwa umebaki uniti chache, kwa hiyo kilo 12 za nyama kwenye friza najua ziko katika hali gani. Hayo nimeyasamehe.

Ila juu ya kabati, pembeni ya mzani, kuna daftari langu la kava jekundu. Humo nimeandika wanafunzi waliokula kwa mkopo bumu, ile pesa yao ya kujikimu, lilipochelewa: jina, tarehe, alichokula, saini yake. Watoto hao hulipa. Mmoja aliondoka na deni la Sh 14,000, akanitumia kutoka Mtwara baada ya miaka miwili bila kukumbushwa. Bumu limetoka Alhamisi. Wanakuja mlangoni na pesa mkononi, wanauliza, "Mama, nadaiwa ngapi?" nami siwezi kuwajibu, na wiki mbili zijazo watakuwa hawanayo.

Chini ya daftari hilo kuna faili la kijani. Ndimo zilimo risiti zote za kodi tangu 2019, LPO, na karatasi ya kamati ya mapokezi. Barua yenu inanitaka nithibitishe malipo ndani ya siku 14. Zimebaki tisa.

Nilikuwa na madai mengi, Profesa, lakini leo naomba hili moja. Mtume mtu na ufunguo. Aje na mhasibu wako, hata dalali aje, nitoe faili mbele yao, tukae kwenye benchi la wanafunzi tuhesabiane. Nipo hapo nje ya geti kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Wako mtiifu,
Mama wa kantini