Kadi moja ninayo, ya pili naogopa kuiomba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, mzaliwa wa Mwanza. Sasa naishi Erie, Pennsylvania, mji ulio kando ya ziwa kama kwetu, ila ziwa la huku baridi ikikolea linaganda. Nina selimundu tangu utotoni, na anayeujua ugonjwa huu anajua baridi inavyouchokoza. Januari nililala siku tatu sakafuni karibu na hita, mke wangu akipasha mchele ndani ya soksi kwenye maikrowevu na kuniwekea nyongani. Ukipoa, anaurudisha. Soksi ilikuwa safi, lakini chumba kizima kilinukia pilau iliyoungua.

Haidroksiyurea, dawa ya selimundu, nameza kila siku bila kukosa, na imenisaidia sana. Taabu ni zile siku maumivu yanapopanda. Vidonge vikali ninavyopewa vinanifanya zezeta, mwanangu ananisemesha nami namkodolea macho tu. Nikikimbilia hospitali, nako kuna mambo yake. Siku moja niliachwa kitini kwa muda wa saa nne, kwa sababu nilitaja jina la dawa inayonisaidia, mhudumu akaniona teja. Hilo nimelimeza.

Mwezi uliopita daktari wangu akaniuliza kwa nini siombi kadi ya bangi ya matibabu. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba Pennsylvania ilipitisha sheria yake mwaka 2016, na selimundu imetajwa kwa jina kwenye orodha ya magonjwa yanayokubalika, pamoja na saratani, kifafa na maumivu sugu. Unajiandikisha mtandaoni kwa Idara ya Afya ya jimbo, unaonana na daktari aliyeidhinishwa akuthibitishie ugonjwa, unalipa dola 50, kadi inakuja kwa posta. Dawa yenyewe unanunua kwa pesa yako. Na si msokoto, Shangazi! Sheria ya hapa hairuhusu kuiwasha moto na kuvuta. Kuna matone, vidonge, mafuta ya kupaka, na ile ya kuvuta kwa mvuke.

Usiku huohuo nikajiandikisha, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Miadi ya daktari wa kuthibitisha ni Alhamisi ijayo. Mke wangu akaisoma ile skrini juu ya bega langu, akasema neno moja tu: "Uraia?"

Hapo ndipo nilipokwama. Huku niliingia kwa bahati nasibu ya viza, nina kadi ya ukaazi wa kudumu, na mwakani natimiza miaka mitano niombe uraia. Nikaanza kusoma. Kumbe kibali cha jimbo ni cha jimbo. Idara ya uhamiaji ni ya serikali ya shirikisho, na mwongozo wake wa Aprili 2019 unasema anayetumia bangi anaweza kuhesabiwa hana mwenendo mwema na kunyimwa uraia, hata kama jimbo lake linairuhusu. Si lazima uwe umekamatwa. Kukiri kwa mdomo wako mwenyewe kunatosha. Kuna waliosema hata ukirudi kutoka safari, afisa wa uwanja wa ndege akikuuliza ukakubali, kadi ya ukaazi yenyewe inaweza kuingia matatani. Nami nimemwahidi mama nitakuja Desemba.

Binamu yangu anaendesha malori, na yeye haigusi kabisa kwa sababu wanapimwa mkojo na kadi ya jimbo haimkingi dereva. Lakini ushauri wake kwangu ni rahisi: "Chukua, ukiulizwa kanusha." Nidanganye nikiwa nimekula kiapo? Mimi uso wangu hata karata siwezi kucheza.

Mama nilimweleza, nikajuta. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Alianza na vijana wa kijiweni, akapita kwa marehemu baba, akamaliza na maombi. Kesho yake akatuma mwingine, mfupi: "Na hiyo ya matone, inaondoa maumivu kweli?" Ndiye aliyekesha akinikanda miguu miaka ile yote.

Naomba mnisaidie, wewe na wasomaji mlio huku. Je, kuwa na kadi tu bila kununua chochote kunaleta shida kwenye usaili wa uraia, au tatizo ni kutumia? Nighairi miadi ya Alhamisi, au niende kwanza kwa wakili wa uhamiaji na nimpeleke karatasi gani? Na wenye selimundu mliovuka baridi za huku mkisubiri kuapishwa, mlitumia nini? Mchele nimeshajaribu.

Ni mimi,
Msukuma wa Erie